Madini ya Kilima cha Mama

Merigi,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa dada yangu mpendwa Joan,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua na baridi ya Londiani. Niambie kama viazi vimetoka vizuri msimu huu, na kama yule ng'ombe uliyesema ni mkorofi amezaa salama. Wasalimie walimu wenzako wote wanaonifahamu.

Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako Kipkemboi hajambo, anakusalimu na kukukumbusha kwamba ulimwahidi mbegu ya viazi. Watoto wako shuleni. Mvua imekuwa nzuri, ila majuzi ilikuja ya mawe, ikapiga chai ya upande wa barabara mpaka majani yakabaki kama yaliyodonolewa na kuku. Mama ni mzima. Anakula ugali wake na maziwa ya kibuyu, mursik, anaenda kanisani kwa miguu, na bado anagombana na kila mtu anayemwambia atumie mkongojo.

Najua utashangaa kwamba nimeshika kalamu wakati simu ziko. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo. Nikisikia sauti yako unacheka, ulimi wangu unatafuta njia rahisi. Haya mambo nimekuwa nikikupa vipande vipande, na kila kipande nilikipaka rangi kabla ya kukupa. Leo nataka kukueleza tangu mwanzo. Bonareri, yule rafiki yangu wa ndizi, anakuja soko la huko, na ameapa atakupa bahasha hii mkononi na si kwa mtu mwingine.

Basi, ilianza siku ile gari la kampuni ya utafiti lilipopanda kilima chetu. Naibu wa chifu alituita mkutano, tukakaa kwenye nyasi kando ya kituo cha kununulia majani chai, na kijana mmoja mpole wa Kisii, jina lake Sagini, akasimama kutueleza. Yeye ni mtaalamu wa miamba. Alisema wanatafuta madini yanayoitwa madini adimu, na kwamba hata jina lenyewe linadanganya, kwa sababu si adimu sana. Yamo karibu kila mahali, ila yametawanyika kidogo kidogo kama chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Kazi ni kupata mahali yamejikusanya. Alitutajia majina yake, neodimiamu, lanthanamu, seriamu, na wazee wakajaribu kuyatamka mpaka tukacheka sote.

Alisema hayo ndiyo hutengeneza sumaku ndogo zenye nguvu ya ajabu. Ziko ndani ya spika ya simu, ndani ya pikipiki za umeme, ndani ya mitambo ya upepo na magari yasiyotumia petroli. Uchina ndiyo inachimba na kuyasafisha kwa wingi kuliko wote, na nchi nyingine zimeanza kuogopa kwamba siku moja mlango utafungwa, ndiyo maana watu wanazunguka dunia wakipima kila mahali. Akasema huko kwao Wachina wameyapata hata kwenye vilima vya udongo mwekundu kama wetu, na kwamba udongo wa namna hiyo hauhitaji baruti. Unapitishiwa maji yenye chumvi fulani, ile ya jamii ya mbolea tunayotia kwenye chai, na madini yanaachia udongo na kutoka na maji. Mama aliuliza swali moja tu, kama chai inarudi kumea mahali hapo. Sagini alikohoa kidogo, akasema inategemea jinsi kazi imefanywa. Jirani yetu Kiplangat yeye aliuliza kama anaweza kuuza wake kwa debe.

Halafu Chepkurui wa kwa Mama akainua mkono, mtoto akiwa mgongoni. Akauliza kama sumaku hizo ndizo ziko kwenye zile mashine za betri za kuchuma chai. Sagini akasema ndiyo, nyingi zinazo. Chepkurui akasema basi hayo madini yalimfukuza yeye kazi kule Kapsoit, na sasa yamemfuata mpaka nyumbani. Mkutano mzima ulimcheka kwa upendo, hata naibu wa chifu akampigia makofi. Mimi sikucheka, Joan. Nilimwangalia nikajiuliza nani alimwambia aongee mbele ya watu kama mwenye nyumba.

Na hapo ndipo kidonda kilipo. Wewe ulikuwepo siku Mama alipomwoa Chepkurui. Wewe na mimi tulikuwa tumeshaolewa, Baba amekwisha kwenda, nyumba haina mwana, na Mama akafuata desturi ya bibi zetu, akaoa mke amzalie mrithi wa nyumba na wa jina la Baba. Pasta alinung'unika kidogo, halafu akala nyama kama wengine. Mimi nilipika chai ya wageni siku hiyo na nikaimba kuliko wote. Niliona vizuri kwamba Mama amepata mtu wa kumkamulia ng'ombe na kumchumia chai, na mimi nimepumzika. Sikufikiria zaidi ya hapo. Kilima chenyewe kilikuwa cha chai iliyozeeka na mawe, nani angekionea wivu?

Wivu ulianza siku mtoto alipozaliwa, sitaficha. Wanawake walipokaa kumtafutia jina la wahenga, wakawa wanataja waliokufa mmoja baada ya mwingine wakingoja apige chafya, alinyamaza kwa wote. Alipotajwa Baba, mtoto akapiga chafya kubwa kama mzee aliyevuta ugoro. Mama alilia. Watoto wangu mimi, damu ya Baba kabisa, walipiga chafya kwa majina ya ukoo wa Kipkemboi, kama desturi inavyotaka. Huyu wa msichana tuliyemtoa Kapsoit ndiye amerudisha Baba nyumbani. Nilimbeba nikampongeza mama yake, na moyoni nilikuwa nimekunja uso.

Baada ya mkutano ule, watu wa kampuni wakaja kuchimba mashimo. Kila boma lililokubali lilichimbiwa shimo refu kuliko mtu, udongo wa chini ukatiwa kwenye gunia dogo, ukafungwa na kamba ya rangi na kibandiko cha jina la mwenye shamba. Walichimba kwetu, kwa Kiplangat, na kwa Mama. Tukangoja wakati mrefu. Wakati wa kungoja Merigi iliugua, dada. Watu waliosalimiana tangu utoto walianza kupimana kwa macho. Mtu akionekana amevaa viatu vipya, inasemwa ameshapewa kitu na kampuni. Kipkemboi peke yake ndiye aliyeendelea kuchuma chai yake kama kawaida, na hata hilo lilinikera.

Majibu yalipokuja, Sagini alipitia kila nyumba mwenyewe. Kwetu alisema udongo ni mzuri kwa chai. Alisema kwa heshima, lakini nilielewa maana yake ni kwamba hatuna chochote. Kwa Kiplangat vivyo hivyo. Kisha akaenda kwa Mama, na mimi nikamfuata nikijifanya napeleka maziwa. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha Baba, akisema kwa sauti ya chini kwamba gunia la Mama limewashangaza hata watu wa maabara. Alimtahadharisha kwamba gunia moja si mgodi, inabidi warudi na mtambo wa kutoboa ardhi, na chai ya upande ule itabidi ing'olewe ili mtambo upite. Lakini macho yake yalikuwa yanang'aa. Mama alikuwa anamwangalia mtoto wa Chepkurui akitambaa sakafuni, akasema, "Basi Kipyegon amekuja na riziki yake."

Sentensi hiyo ilinichoma kuliko maji ya moto. Hakusema Tecla. Hakusema Joan. Tangu siku hiyo sikupata raha. Niliona wivu kwa gambuti mpya za matope za Chepkurui, ambazo nilikuja kujua alinunua kwa kuuza kuku wake. Niliona wivu jinsi Mama anavyomwita yeye kwanza akitaka maji. Nilikuwa nikipita njia ya chini nione kama Sagini amesimamisha gari pale, na nikiliona nakosa hamu ya kula. Kipkemboi aliniambia nimekonda, nikamjibu vibaya. Nilijiambia kwamba napigania haki yetu mimi na wewe, kwamba sheria ya siku hizi inamjua binti. Nilikupigia simu nikakuambia hivyo, na wewe ukanijibu kwamba Mama bado yuko hai na kilima ni chake. Nilikuona umelegea. Samahani, ndivyo nilivyofikiri.

Kampuni iliitisha kikao nyumbani kwa Mama ili ijue watu wa familia ni nani, kabla ya kuomba ruhusa ya mtambo. Walikuja naibu wa chifu, wazee wawili wa ukoo, na Sagini. Waliuliza mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Chepkurui, kabla hajafungua mdomo, nilisimama mimi. Nilisema, "Huyu si wa familia. Ni kibarua wa Mama, anachuma chai tu."

Wale wazee walikula nyama ya harusi ile, lakini mmoja aliangalia kofia yake na mwingine akaangalia mlima, kwa sababu mbele ya watu wa kampuni waliona aibu kueleza desturi yetu kwa wageni, na mimi nilijua wataona aibu. Ndiyo maana nilichagua siku hiyo. Chepkurui alimwangalia Mama. Mama aliinuka polepole, akachukua kigoda chake, akaingia ndani. Wageni walipoondoka aliniita. Aliniambia kwamba hawezi kumwita mtoto wake mwongo mbele ya watu, lakini ndani ya nyumba yake anaweza, na akaniita hivyo kwa Kipsigis, polepole, ili nisikose neno.

Asubuhi yake Chepkurui alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwa shangazi yake Kapsoit. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Mimi nilihamia kwa Mama kumsaidia kazi, nikiwa nimeshinda. Mama alikula nilichopika, akasema asante kama mgeni, na akageukia ukuta. Yule ng'ombe mweusi aliyezoea mikono ya Chepkurui alikataa kuteremsha maziwa, akanipiga teke la paja mpaka nikaketi kwenye kinyesi. Utacheka, lakini nilimwonea wivu Chepkurui hata kwa ng'ombe. Niliketi pale nikilia kwa hasira.

Nikaamua kwenda Kapsoit. Usidhani nilienda kuomba msamaha. Nilisikia kwamba mzee mmoja wa ukoo ameanza kujuta na anataka kikao kirudiwe, kwa hivyo nilitaka Chepkurui akubali kwa mdomo wake, mbele ya shangazi yake, kwamba amejiondoa. Nilimkuta kando ya barabara akichoma mahindi, mtoto amelala juu ya gunia nyuma yake. Alinipa kigoda. Alinipa na hindi pia, na sikuweza kulikataa. Nilimwambia nilichofuata. Alisikiliza mpaka mwisho akigeuza mahindi yake, halafu akasema hana haja ya kupigania kile kilima, kwa sababu hakina kitu.

Nilidhani ni hila. Nikamwambia maabara haidanganyi. Akasema maabara haijadanganya. "Ile gunia ya Mama, ng'ombe walikula," akaniambia. "Sagini aliiacha kwa veranda sababu gari ilikwama kwa matope. Mama akafikiria ni ng'enda nimeleta. Akamwagia ng'ombe yote."

Joan, wewe umekua katika nyumba ile. Unajua jinsi Mama alivyo na ng'enda, ule udongo wa chumvi wa ng'ombe. Tangu tukiwa wadogo hakuna gunia la udongo lililowahi kukaa kwenye veranda yake kwa sababu nyingine. Na macho yake siku hizi hayaoni kamba wala kibandiko. Chepkurui alisema alirudi kutoka kituo cha chai akakuta ng'ombe wamezunguka hori wanalamba mpaka mbao, na kwenye gunia kumebaki ujazo wa kiganja. Aliogopa. Alijua watu wakisikia kwamba Mama amelisha ng'ombe udongo wa serikali, kama alivyofikiri yeye, watasema mzee amechanganyikiwa, na labda mimi binti yake nitamchukua na kumfungia nyumba. Kwa hivyo alichukua jembe na gunia lile, akateremka mahali alipozoea kuchimba ng'enda, akalijaza, akalifunga kwa kamba ileile, akalirudisha kwenye veranda kabla Sagini hajalifuata. Kwa macho yake udongo ni udongo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema majibu yalipokuja. Akasema siku ile Mama alicheka mpaka jino lake la nyuma likaonekana, na yeye hakujua angeanzia wapi. Kisha mimi nikasimama kwenye kikao nikamwita kibarua, na baada ya hapo, akasema, aliona heri aondoke na ukweli wake kuliko autumie kunipiga nao.

Nilicheka, dada. Nilicheka pale barabarani mpaka shangazi yake akatoka kuangalia. Wivu wote uliokuwa umenikaba ulinitoka mara moja, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuonea wivu. Chepkurui hana mgodi, Kipyegon hana riziki ya ajabu, kilima ni chai kuukuu na mawe kama zamani. Nilijiona mwepesi. Nilimaliza lile hindi kwa hamu. Ndipo, nikiwa bado natabasamu, nikamuuliza huwa anachimba wapi ng'enda.

"Pale chini," akasema. "Kwa ile tope ya Mwalimu."

Mwalimu ni wewe, Joan. Ni kile kipande cha kando ya kijito ulichonunua kutoka kwa Kiplangat kwa mshahara wako wa kwanza wa ualimu, tukakucheka mimi na Baba kwamba umenunua vyura. Chai haikumea pale, mahindi yalioza, na wewe ulipohamia Londiani ukakiacha wazi, ng'ombe wa kijiji kizima wakawa wanateremka kulamba. Udongo uliowashangaza watu wa maabara ulitoka kwako.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike, na nitaliandika haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Nilipolisikia jina lako, ule wivu ulirudi, na ulirudi umenenepa. Chepkurui ni mtu wa nje, nilikuwa nikijitetea hivyo. Lakini wewe ni tumbo moja na mimi. Wewe ndiye uliyesomeshwa kwa ng'ombe waliouzwa, mimi nikabaki nyumbani nikichuma. Wewe ndiye uliyevaa sketi ya kushonewa, mimi nikavaa ilipokubana. Na hata tope lako, tope tulilolicheka, lazima liwe na neodimiamu. Nilisimama pale Kapsoit nikakuchukia kwa muda, nakuambia wazi. Halafu nikaacha kukuchukia na nikaanza kupanga.

Nilimwambia Chepkurui arudi nyumbani. Nikamwahidi kwamba nitasimama mbele ya wazee na kukana maneno yangu, ila yeye asiseme neno la gunia kwa mtu yeyote mpaka nimalize jambo langu. Akauliza jambo gani. Nikamwambia ni la familia. Akanitazama, akasema taratibu, "Si ulisema mimi si familia?" Alikubali kwa ajili ya Mama na mtoto, lakini alielewa ananunuliwa, na mimi nilielewa kwamba ameelewa.

Nilimrudisha. Nilisimama mbele ya wazee, nikasema Chepkurui ni mke wa nyumba yetu na Kipyegon ni mwana wa Baba. Mama alinishika mkono. Pasta alinitaja kwenye mahubiri, mimi Tecla, kama mfano wa mtu anayejishusha. Kina mama walinikumbatia. Nami nilipokea sifa zote hizo nikijua kwamba nimemrejesha kwa bei ya kunyamaza. Jumatatu iliyofuata nikakupigia simu.

Unakumbuka nilivyokuambia. Nilisema nataka uniuzie kile kipande cha kijito, nifugie ndama, kwa kuwa wewe hukitumii na vijana wamekigeuza kuwa njia. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali yako. Kama ungeuliza kwa nini sasa, nilikuwa na uongo. Kama ungetaja bei kubwa, nilikuwa na kilio. Lakini wewe hukuuliza kitu. Ulisema, "Chukua tu, Tecla. Tumebaki wawili, nitakuuziaje tope?" Ukasema utashuka mwezi ujao tuende ofisi ya ardhi uniandikishie, na ukaniuliza kama paja linaendelea kupona.

Tangu siku hiyo sijatulia. Laiti ungekuwa mchoyo. Laiti ungebishana nami hata kidogo, ningekuibia nikiwa na amani, nikisema nimemshinda mjanja. Ulivyonipa bure ulinionyesha kwamba hata kwa moyo umenizidi, na hilo nalo nililionea wivu. Nimekuwa nikienda kusimama pale kijitoni nikiangalia ng'ombe wa watu wakilamba udongo wako, na kuwafukuza kwa mawe kama tayari ni wangu. Juzi nilimfukuza ng'ombe wa Mama mwenyewe.

Basi nimesema. Nilijua, na ndiyo maana niliomba.

Kesho nitaenda na Chepkurui kwa Sagini, tumwambie kwamba gunia halikutoka kilima cha Mama, wasije wakang'oa chai yake bure. Chepkurui nimeshamwambia kwamba lile sharti langu limekufa. Alinijibu kwamba amefurahi, kisha akaniomba nishike mtoto aende kukamua. Mama naye tutamweleza kwa upole; nadhani atasikitika kidogo kwa ajili ya Kipyegon, halafu atauliza kama ng'ombe waliugua. Lakini ule udongo ulitoka wapi, Sagini hatausikia kwangu. Hilo ni lako kusema au kunyamaza. Usije ukaanza kuota gari; hilo ni gunia moja, na ukiruhusu watu kuchimba, kijito kile kinanywesha mifugo ya kila mtu aliye chini yako. Uliza kwanza lile swali la Mama, na usikubali kikohozi kuwa jibu.

Ombi langu ni moja. Usiniuzie, Joan. Usinipe bure. Nikikupigia simu tena kuhusu kile kipande, hata nikilia, hata nikimtaja Mama, hata nikisema barua hii niliandika nikiwa na homa, kata simu. Mimi ninajijua. Wivu huu haujaisha, umechoka tu. Hata hapo juu nilipoandika kwamba tope ni lako, mkono wangu ulitaka kuandika letu.

Nisalimie nyumba yote ya huko, na mwambie jirani yako wa maziwa kwamba sijamsahau. Mama anakusalimu, Kipkemboi anakusalimu na anangoja mbegu yake. Chepkurui naye, aliponiona naandika, alisema nikuwekee salamu zake, na kwamba Kipyegon ameanza kusimama. Mungu akulinde goti na mengine yote. Ukija, hata kama utakuja na hasira, pita kwangu kwanza ule.

Ni mimi mdogo wako,
Tecla.